Jina la Tisini

Ijumaa ya mwisho ya Septemba, saa sita kamili,
chama cha michezo cha jimbo hutaka namba.
Si pointi, si kimo cha mtu, si kombe kabatini:
vichwa. Darasa la tisa hadi la kumi na moja,
vichwa vilivyoitika siku hiyo.

Mimi ndiye mwenye kuvihesabu,
Doreen Vlasak, karani, miaka ishirini na sita
kwenye dirisha lile lile lenye ufa.
Nje ni silo, barabara,
na mahindi yaliyokauka yakisubiri mashine.

Sheria ni nyepesi kuisema:
shule zote hupangwa mstari mmoja,
kubwa mbele, ndogo nyuma,
kisha kisu hupita mara tano.
Madaraja sita, makombe sita.
Kule mbele shule moja ina watoto elfu mbili
na kocha wa kurusha tu.
Sisi tuko mkiani, na mkiani tunajuana:
timu yetu ni wasichana tisa,
mmoja wao hupuliza tarumbeta wakati wa mapumziko
akiwa bado na jezi.

Mwaka huo kisu kilipita kwenye tisini.
Themanini na tisa, unabaki na wadogo wenzio.
Tisini, unapanda.
Nilihesabu kwa kalamu, nikarudia kwa kidole:
themanini na tisa.

Saa nne na robo mlango ukafunguka.
Mama na binti, koti moja jipya kati yao;
baba kaanza kazi machinjioni Jumatano.
Yesli Caal, darasa la kumi.
Kaunta yangu ilimfika kifuani.
"Unacheza mpira wa kikapu?"
Akamtazama mama yake. "Hapana. Nachora."

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
husema watu ambao hawajawahi kupangiwa daraja.

Kocha Brandl alisikia kabla wino haujakauka.
Akaja na kahawa mbili, jambo asilolifanya kamwe.
"Doreen," akasema, akiitazama kalenda, si mimi,
"fomu zina mambo mengi. Chanjo. Anwani.
Hivi Jumatatu si siku nzuri ya kuandikisha mtoto?"

Nilimwelewa. Nina mpwa kwenye timu hiyo,
Kendra, mwaka wake wa mwisho, goti limefungwa bandeji.
Na tukipanda, wilayani tunakutana na Dorrance.

Ukumbini yule binti alikaa kwenye benchi,
mikono mapajani,
akisubiri kuambiwa kama anahesabiwa.

Kahawa ikapoa.
Nikaandika: Caal, herufi nne.
Tisini.

Februari tulivuka wilaya ndogo.
Wilayani, Dorrance wakatutoa kwa pointi mbili.
Benchi lao lilikuwa refu kuliko timu yetu nzima;
wao wakichoka, hubadilishana,
wetu wakichoka, hufunga kamba za viatu polepole.
Kendra akarusha la mwisho.
Mpira ukazunguka ringi, ukafikiri, ukatoka.
Kwenye mtoano hakuna kesho.

Machi, timu nane za daraja letu la zamani
zilikwenda jijini siku tatu,
kwenye uwanja wenye viti elfu kumi na tano.
Mji wetu wote ungejaa kona moja tu,
na bado tungeweka makoti kwenye viti vya jirani.

Dukani watu walinisalimu kwa kidevu.
Emil Kucera, muuza matairi, akanikumbusha
kwamba zamani kombe lilikuwa moja,
na shule ya watoto arobaini ilifika fainali.
Hakusema ilifungwa kwa tofauti ya ngapi.
Nilitafuta: thelathini na nane.

Yesli amechora ukuta wa ukumbini.
Wasichana wote tisa, tarumbeta pia,
na Kendra hewani, mpira bado haujaamua.
Pembeni kuna dirisha lenye ufa.
Sikumwomba.

Septemba hii familia tatu zimeuza mashamba.
Themanini na tatu. Tunashuka.
Kocha anatabasamu mlangoni.
Nimehesabu mara nne
nikitumaini nimekosea.